Kwenye kadi ya mama ya presha wameandika "hafuati masharti". Naombeni mawazo

BintiMkubwa

Habari zenu wanajukwaa. Nitaandika kwa kirefu kidogo, mnivumilie, jambo hili limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita.

Mama yangu ana miaka 58. Anasafisha ofisi usiku, ghorofa tatu, yeye na mwenzake mmoja. Ameajiriwa kupitia wakala, kwa hiyo siku asiyofika hailipwi, hata awe na barua ya daktari. Presha iligundulika miaka sita iliyopita, akaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Kliniki yake ni mara moja kwa mwezi, asubuhi tu. Anatoka kazini saa kumi na mbili alfajiri, anakwenda moja kwa moja kupanga foleni, anasinzia kwenye benchi mpaka anapoitwa saa nne au saa tano. Dawa zikiwepo anapewa. Zisipokuwepo anaandikiwa karatasi akanunue.

Wiki iliyopita nilimsindikiza. Kipimo kilisoma 174 kwa 102. Daktari kijana, mpole kwa kweli, akamwuliza, "Mama, dawa unameza?" Mama akajibu, "Nameza, mwanangu." Daktari akapitia kadi, akaona miezi aliyokosa, akaandika. Tulipotoka nje mama akanipa kadi nimsomee, maana mwandiko wa madaktari unamshinda. Yalikuwa maneno mawili: hafuati masharti. Nikamwambia wameandika tarehe ya kurudi.

Nyumbani nikahesabu vidonge. Vilivyotakiwa kuwa vimeisha vilikuwa vimebaki nusu. Nilipombana akasema, "Leo nameza, kesho napumzisha." Kumbe hapumzishi chochote. Anavivuta vidonge vifike mbali, kwa sababu mwezi wa nyuma dawa hazikuwepo kliniki na hana hakika mwezi ujao zitakuwepo. Tena kwenye bahasha ya dawa wameandika kidonge kimoja asubuhi baada ya kula. Asubuhi ya watu wengine kwake ndiyo usiku. Anafika amechoka, pengine hakuna kilichobaki cha kula, anaogopa kumeza tumbo tupu, analala. Siku imepita hivyo.

Sasa linaloniuma zaidi. Mimi ni karani. Mkuu wa idara yetu naye ana presha na anameza dawa hiyohiyo, miligramu zilezile, nimeliona boksi mezani kwake. Ana mashine ya kupimia kwenye droo. Dawa zikikaribia kuisha anapiga simu, zinaletwa. Akienda kwa daktari hakatwi mshahara. Mwaka jana alisafiri akaacha dawa nyumbani siku nne nzima, alitusimulia mwenyewe. Sidhani kuna mtu aliyemwandikia popote kwamba hafuati masharti.

Naulizeni mawili. Mama yangu ni mkaidi kweli? Na nikirudi naye kliniki, niseme nini ili nisionekane nimekwenda kugombana?

---

MzeeWaMkongojo

Pole sana binti. Ila niruhusu niseme langu, huenda likawa chungu.

Mimi niliacha dawa kwa sababu nilijiona mzima. Kichwa hakiumi, kizunguzungu hakuna, nikasema za nini hizi. Mwaka wa pili nikaanguka bafuni. Mkono wa kushoto haujarudi mpaka leo, na natembelea mkongojo. Presha haiumi, hapo ndipo inapotumaliza. Mama yako akizungukwa na watu wanaomwonea huruma ataendelea kupumzisha dawa. Mwambie ukweli, hata kwa ukali. Mimi hakuna aliyenikalia kooni, na ninajuta.

---

BintiMkubwa

Shikamoo mzee, na pole kwa yaliyokukuta. Nakuelewa. Lakini mama hofu anayo. Dada yake mkubwa alikufa kwa kiharusi, yeye ndiye aliyemuuguza. Ukimsikia anavyoomba usiku utajua kwamba hajasahau. Kwa hiyo sidhani anachokosa ni kutishwa.

---

NesiMiaka19

Mdogo wangu, nimesoma andiko lako mara mbili. Nina miaka 19 kwenye kliniki ya presha na kisukari, na maneno hayo mawili nimeyaandika kwa mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilikuwa naona ni taarifa tu, kama kuandika uzito. Ngoja nikueleze kilichonibadilisha.

Tulikuwa na baba mmoja, kibarua wa ujenzi. Kila akija presha iko juu. Unameza? Nameza. Daktari akaongeza dozi. Mwezi uliofuata bado iko juu, akaongezwa dawa ya pili. Baadaye ya tatu. Kila alipokuja nilimpa somo lilelile, naye anaitikia kwa heshima. Halafu akaumia mguu kazini, akalazwa. Wodini wauguzi wakafuata kadi: wakampa dawa zote tatu, dozi kamili, asubuhi moja. Kufika mchana namba ya juu ilikuwa imeshuka chini ya 80, hajitambui. Walimwokoa. Nilipokwenda kumwona akaniambia ukweli aliokuwa ameuficha karibu mwaka mzima: alikuwa akimeza dawa moja kati ya zile tatu, tena siku za kibarua tu, na kidonge alikuwa anagawana na mkewe ambaye naye ana presha na hana kadi.

Nikamwuliza kwa nini hukusema? Akajibu, "Ungenigombeza mbele ya watu."

Tafakari hilo. Mgonjwa anaona aibu ya umaskini, anasema "nameza". Daktari naye ana dakika tano na foleni ya watu 60, anaamini dawa haifanyi kazi, anaongeza nyingine. Dawa zikiongezeka gharama inaongezeka, vidonge vinazidi kurukwa, namba zinazidi kupanda, na somo linazidi kuwa kali. Kila mmoja katika mnyororo huo anadhani anafanya wajibu wake. Aliyeumia peke yake ni yule aliyekuwa na kidogo kuliko wote.

Tangu siku ile siulizi tena "unameza?" Swali hilo lina jibu moja tu la adabu. Nauliza hivi: vidonge vimebaki vingapi nyumbani? Ukifika tarehe ngapi pesa inakuwa imekwisha? Kati ya siku saba zilizopita, ngapi zilikuwa ngumu kumeza? Nikiuliza namna hiyo watu wananiambia mambo ambayo sikuyasikia miaka kumi.

Kuhusu swali lako la kwanza: hapana, si mkaidi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliandika kwamba hata katika nchi tajiri, kwa wastani, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata tiba inavyotakiwa, na kwenye nchi maskini ni pungufu ya hapo. Ripoti yao ya presha ya 2023 inasema ni kama mtu mmoja kati ya watano wenye presha ambaye imedhibitiwa. Mama yako yuko na wengi. Tena mtu anayehesabu vidonge ili vifike mbali ni mtu anayeitaka dawa. Asiyeitaka hahesabu.

Sasa ya vitendo. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, na inaweza kumezwa kabla au baada ya kula. Ile bahasha iliandikwa kwa mazoea, kwa ajili ya mtu anayelala usiku. La msingi ni saa ileile kila siku. Waulize kliniki kama anaweza kumeza jioni kabla ya kutoka kwenda kazini, nitashangaa wakikataa. Msibadili dozi wenyewe, ila saa ni jambo la kuzungumzika.

Kwa sasa 174 ni kubwa, kwa hiyo kuonwa kila mwezi kuna sababu yake. Lakini mwongozo wa WHO wa 2021 unasema presha ikishadhibitiwa, mgonjwa anaweza kuonwa kila miezi mitatu hadi sita. Ishike hiyo, utaihitaji baadaye. Foleni kumi na mbili kwa mwaka kwa mtu asiyelipwa siku asiyofika kazini ni adhabu.

Swali la pili. Usianze na kilichoandikwa. Mkiingia tu sema: "Mama anafanya kazi usiku, na vidonge anavivuta kwa sababu hana hakika ya kuvipata mwezi ujao." Kisha unyamaze, mwache mama aendelee mwenyewe. Na jambo moja, mdogo wangu, usilichukie: mwambie mama kilichoandikwa. Ulimficha kwa upendo, najua. Lakini kadi ni yake.

Akipata maumivu ya kifua, upande mmoja ukalegea, mdomo ukapinda au maneno yakamgoma, msingoje asubuhi.

---

DerevaWaMasafa

Mimi nimeendesha magari ya masafa marefu zaidi ya miaka ishirini. Nilipewa dawa ya kukojosha, zile ambazo presha inashuka kwa maji na chumvi kutoka mwilini. Dawa nzuri, sina ugomvi nayo. Ila fikiria una abiria, barabara ni ndefu, na kidonge kimeanza kazi yake. Utasimamisha gari mara ngapi? Nikawa nameza siku za mapumziko tu, siku mbili kwa wiki. Nikienda kliniki nasema nameza, kama huyo baba wa nesi.

Miaka minne. Sikumwambia daktari miaka minne, kwa sababu niliona aibu kumwambia mtu mzima mwenye koti jeupe kwamba tatizo langu ni choo. Naye hakuuliza, maana choo chake kiko mlango wa pili. Sisemi kwa ubaya. Mtu hawezi kuuliza jambo ambalo halijawahi kumsumbua.

Siku niliyosema, alinibadilishia dawa hapohapo, ikawa imechukua dakika tatu. Mwambie mama aseme kila kitu, hata kinachoonekana kidogo. Wanawake wanaouza barabarani, walinzi wa getini, wafanyakazi wa viwandani wanaohesabiwa dakika za kwenda chooni, wote hao wakipewa dawa ile bila kuulizwa kazi yao, wataficha kama nilivyoficha.

---

MzeeWaMkongojo

Nimerudi. Nesi, maneno yako nimeyasoma usiku na sikulala vizuri.

Binti, nilikujibu kana kwamba hali yangu na ya mama yako ni moja. Si moja. Mimi vidonge vilikuwa kabatini, vimejaa, bima ilikuwa inalipa. Niliacha kwa hiari. Mama yako anavitafuta navyo vinamkimbia. Ukali ungenifaa mimi. Kwake ungekuwa mzigo juu ya mzigo. Nisamehe.

---

MfamasiaDirishani

Naongeza machache kutoka upande wa dirisha la dawa.

Mkiandikiwa karatasi ya kununua, ombeni dawa kwa jina lake halisi, yaani amlodipini, wala si kwa jina la kampuni. Mara nyingi dawa ya jina halisi ni nafuu sana na kazi ni ileile. Watu wengi wanaondoka dirishani mikono mitupu kwa sababu waliulizia jina lililochapwa kwenye boksi la mtu mwingine.

Ikija siku mama anahitaji dawa ya pili, mwulizeni daktari kama kuna kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake. Vidonge vya namna hiyo viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO mwaka 2019. Kidonge kimoja ni rahisi kukumbuka, na ukikosa hela huanzi kuchagua umeze kipi uache kipi. Mimi nawaona hapa dirishani kila mwisho wa mwezi: mtu ana karatasi ya dawa tatu, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kati ya hizi, ipi ya lazima?" Sina jibu zuri la swali hilo.

Pia msikate wala kusaga kidonge bila kuuliza. Vipo vilivyotengenezwa viachie dawa taratibu kwa saa nyingi. Ukikivunja, dawa yote inaingia kwa mkupuo.

---

AfyaYaJamii

Mimi nafundisha afya ya jamii, na BintiMkubwa ameeleza kwa ofisi mbili tu jambo ambalo mimi hutumia muhula mzima. Dawa ileile, miligramu 5, mkuu na msafishaji.

Marekani, kati ya 1974 na 1982, watafiti wa taasisi iitwayo RAND waligawa familia kwa bahati nasibu: wengine watibiwe bure, wengine wachangie sehemu ya gharama. Kwa watu wengi afya haikutofautiana sana. Lakini kwa maskini wenye presha tofauti ilionekana: waliotibiwa bure presha zao zilidhibitiwa vizuri zaidi. Hakuna aliyewabadilisha tabia zao wala kuwapa ukali. Waliondolewa malipo.

Mfano mwingine ni wa Los Angeles, na matokeo yake yalitoka mwaka 2018. Daktari Ronald Victor na wenzake waliona wanaume Weusi wengi wenye presha hawafiki kwa madaktari, basi wakaacha kuwangoja. Walipeleka wafamasia kwenye maduka 52 ya vinyozi, mahali ambapo wanaume hao walikuwa wakienda kwa miaka, wakapimwa na kuandikiwa dawa wakiwa palepale. Walishiriki wanaume 319. Baada ya miezi sita, namba ya juu ilishuka kwa 27 kwa wale waliofuatwa na wafamasia, na kwa 9 kwa wale ambao vinyozi wao waliwahimiza tu kwenda kwa daktari. Himizo lilisaidia kidogo. Huduma kusogea mpaka kwenye kiti cha kunyolewa kulisaidia mara tatu.

Na kama mnadhani haya ni mageni, Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg kule Wales, aliandika mwaka 1971 katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri huelekea kupungua pale pale inapohitajika zaidi. Hakuishia kuandika. Alipima presha za watu wazima wa kijiji chake, na wale wasiokuja aliwatafuta.

Binti, mwulize mama kama kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita karibu na anapoishi, au mahali pa kupimia jioni. Kipimo kimoja cha asubuhi, baada ya mtu kukesha na kulala kwenye benchi, si picha kamili ya presha yake. Anatakiwa akae ametulia angalau dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo.

---

BintiMkubwa

Wiki tano zimepita. Niliahidi moyoni kwamba nitarudi kuwaambia, nimerudi.

Nilimwambia mama kilichoandikwa. Nilidhani atalia. Alinyamaza, akaendelea kukunja nguo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miezi yote hii wananisoma hivyo?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Basi twende nikaseme mwenyewe."

Safari hii tulimkuta daktari mwingine, mama wa makamo. Sikusema zaidi ya ile sentensi ya nesi. Mama akafungua mkoba, akatoa vidonge vyote vilivyobaki, akavimwaga mezani na kuvihesabu mbele yake, kimoja kimoja. Akaeleza zamu, wakala, bahasha ya "baada ya kula". Daktari aliacha kuandika akamsikiliza. Akasema ameze saa kumi na mbili jioni, kabla ya kutoka, ale asile. Hakuongeza dawa, alisema hawezi kuhukumu dawa ambayo haijamezwa sawasawa. Dawa zilikuwepo, akampa za miezi miwili kwa mkupuo, na tarehe ya kurudi wakaihamishia siku inayofuata usiku wake wa mapumziko, ili afike amelala.

Kupimwa katikati tumefanya kama AfyaYaJamii alivyosema. Kuna mhudumu anayepita mtaa wetu Jumamosi na mashine. Juzi ilisoma 152 kwa 94. Bado haijafika inapotakiwa, najua, na huenda dawa ya pili ikahitajika. Mfamasia, nimeshaandika swali lako la kidonge kimoja kwenye simu.

Mzee wa mkongojo, sina cha kukusamehe. Nilimsomea mama ujumbe wako wa pili akasema nikusalimie.

Vidonge sasa vinakaa kwenye kikopo kidogo pamoja na funguo za zile ghorofa tatu. Hawezi kutoka bila funguo. Ile kadi aliiomba irekebishwe: yale maneno mawili hayakufutwa, lakini daktari aliandika pembeni, na safari hii nilimsomea yote bila kuruka kitu, "Anafanya kazi usiku. Dawa zilikosekana."